Kitufe cha Kadi

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mjini Tartu.
Theluji imegandia kioo kama chumvi
na Urmas anasoma orodha ya toleo la kumi na moja
kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme:
"Uchapaji wa kadi za katalogi. Ondoa."
Mimi ndiye niliyeinua kichwa,
kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Tunasema "kukistaafisha" kipengele,
kana kwamba kitapewa kiinua mgongo,
keki, saa ya ukutani, na hotuba ya mkurugenzi.
Hakitapewa kitu.
Kitatoka kwenye menyu, kati ya Hifadhi na Funga,
na hao wawili watasogeleana
kama abiria mwenzao anaposhuka.

Takwimu ninazo: maktaba mia mbili na sita.
Mia mbili na tano hazijakigusa kitufe hiki
tangu watoto wangu walipokuwa hawajazaliwa.
Moja hukibonyeza kila Alhamisi,
saa kumi na dakika tano.

Nikapiga simu kisiwani Hiiumaa.
Akapokea Helju, mkutubi, mfagiaji na mlinzi wa zamu zote.
"Kadi? Kabati la kadi tuliwauzia watu wa hoteli,
wanalazia mvinyo.
Mimi nachapa majina ya mitungi, binti.
Uyoga wa siki. Matango. Jamu ya tufaha.
Karatasi ile ngumu hailowi upesi.
Mwandishi: mimi. Mwaka: huu.
Rafu: ghala la chini, mkono wa kushoto."
Akacheka, kisha akanyamaza,
maana hakuna anayepigiwa simu na watu wa programu
kwa habari njema.

Nikafungua faili.
Mistari elfu mbili na mia tatu, ya mwaka 1994.
Juu kabisa, mtu aliyejiita Kalju
alikuwa ameandika: "Usiguse.
Narudi baada ya chakula cha mchana."

Katikati nikakuta mraba wa sifuri na moja.
Nikasogeza kiti nyuma, nikakaza macho.
Ilikuwa herufi.
Ile õ yetu, yenye wimbi kichwani,
ambayo printa za kigeni za enzi hizo hazikuijua,
zikaacha pengo mahali pake,
hata neno letu la tufaha
likatoka limeumwa upande mmoja.
Kalju aliichora, nukta kwa nukta,
saba kwa tisa,
na wimbi lilimshinda mara tatu:
majaribio yote bado yamo humo, yamefungiwa,
la kwanza mithili ya kofia iliyopeperuka.
Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Sikujua hata kuundwa kwa herufi kuna usiku wake.

Nilifuta saa nane mchana.
Vipimo vyote vikapita, kijani tupu.
Programu ikapungua uzito kiasi ambacho
hakuna mkono utakaoutambua.
"Safi," akasema Urmas, akaenda zake kuchukua kahawa.
Mraba ule niliunakili kwanza,
nikauweka mahali ambapo si pa kampuni.
Kwa nini, usiniulize.

Toleo likatoka.
Alhamisi, saa kumi na dakika tano,
nikajikuta nakodolea macho kumbukumbu za seva.
Helju aliingia.
Akakaa dakika nane.
Akatoka.

Wiki mbili baadaye, kifurushi,
kimezungushiwa gazeti na uzi wa kufumia.
Mtungi wa jamu.
Jina limeandikwa kwa kalamu ya wino,
na wimbi la juu ya õ amelivuta, amelivuta,
hadi limevuka ukingo wa karatasi
na kuendelea juu ya kioo.
Chini yake: "Rafu: mezani kwako."
Hakuna barua.

Bado sijaonja. Kifuniko kimekaza.
Nimezungushia kitambaa, nimegonga kitako kwa kiganja.
Urmas anasema nimwachie,
atajaribu baada ya chakula cha mchana.